Mbio za kasi au za taratibu: Jibu liko katika kudumu

Katika vyumba vya walimu na mabweni ya wanafunzi humu nchini kuna ubishi ambao haujapata mwamuzi. Upande mmoja wako wale wanaoshikilia kwamba anayetaka kupunguza mafuta mwilini sharti akimbie kwa kasi kubwa kwa muda mfupi, apumzike, kisha arudie tena na tena hadi pumzi zimwishe. Upande wa pili wako wanaoamini kwamba dawa ya unene ni mbio za taratibu, za mwendo usiobadilika, zichukuazo nusu saa au hata saa nzima. Kila upande una methali zake. Wa kwanza watakwambia kwamba ngojangoja huumiza matumbo. Wa pili watakujibu kwamba haraka haraka haina baraka. Maadamu wahenga wenyewe hawakukubaliana, nimeonelea ni heri suala hili tulitazame kwa jicho la sayansi, na kwa yale ambayo mimi, nikiwa mwalimu aliyesimamia michezo shuleni kwa miaka mingi, nimeyashuhudia uwanjani.

Jambo hili si la mzaha. Uchunguzi wa kitaifa kuhusu maradhi yasiyoambukiza, uliofanywa nchini mwaka wa 2015, ulionyesha kwamba asilimia 27 ya watu wazima walikuwa na uzito uliopita kiasi. Miongoni mwa wanawake kiwango hicho kilikuwa asilimia 38.5, na miongoni mwa wanaume asilimia 17.5. Nyuma ya tarakimu hizo kuna kisukari, shinikizo la damu na maradhi ya moyo, magonjwa ambayo zamani tuliyahesabu kuwa ya matajiri wa mijini. Leo yanawapata walimu, makarani, wauzaji wa sokoni na hata vijana ambao hawajamaliza masomo. Kwa hiyo mtu anapouliza akimbie vipi, anastahili jibu la kweli.

Kwanza tufafanue maneno. Mbio za mwendo mmoja ni zile ambazo mtu hukimbia kwa kasi anayoweza kuistahimili kwa muda mrefu. Kipimo chake chepesi ni mazungumzo: mkimbiaji anaweza kuzungumza na mwenzake, ila hawezi kuimba. Mbio za mikupuo, kwa upande wake, ni zile za kukimbia kwa nguvu nyingi kwa sekunde kadhaa au dakika chache, kisha kutembea au kukimbia polepole ili kupata nafuu, halafu kuanza mkupuo mwingine. Katika mkupuo mkali mtu huweza kutamka neno moja au mawili tu, tena kwa taabu.

Mbio za mikupuo si uvumbuzi wa juzi. Katika miaka ya 1930 kocha Mjerumani Woldemar Gerschler, akishirikiana na daktari Hans Reindell, alizitumia kumwandaa Rudolf Harbig, ambaye mwaka wa 1939 alikimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 46.6, rekodi iliyodumu hadi 1955. Katika miaka hiyo hiyo ya 1930, Gösta Holmér wa Uswidi alibuni fatileki, neno la Kiswidi lenye maana ya kuchezea kasi. Kisha akatokea Emil Zátopek wa Czechoslovakia, aliyekuwa akirudia mizunguko ya mita 400 mara nyingi kwa siku moja, na ambaye katika Michezo ya Olimpiki ya Helsinki mwaka wa 1952 alinyakua dhahabu za mita 5,000, mita 10,000 na marathoni. Hata hivyo, msomaji azingatie kwamba wote hao walikuwa wakitafuta ushindi. Hakuna aliyekuwa na haja ya kupunguza tumbo. Mazoezi ya mwanariadha yalipohamishiwa kwa mtu wa kawaida mwenye unene, lengo lilibadilika, na hapo ndipo ubishi ulipoanza.

Hoja ya kwanza ya watetezi wa mbio za taratibu ni kwamba mwendo wa pole huchoma mafuta, ilhali mwendo wa kasi huchoma sukari. Hoja hii ina ukweli ndani yake. Mwili una akiba mbili kubwa za nishati: mafuta, na ile sukari iliyohifadhiwa katika misuli na ini, ambayo wataalamu huiita glaikojeni. Mtu anapotembea au kukimbia polepole, sehemu kubwa ya nishati yake hutokana na mafuta. Anapoongeza kasi, mwili huegemea sukari zaidi na zaidi, kwa sababu sukari hutoa nishati kwa haraka kuliko mafuta. Ndiyo maana mashine nyingi za mazoezi katika kumbi za mijini huandikwa kiwango fulani cha mapigo ya moyo kinachodaiwa kuwa ndicho cha kuchoma mafuta.

Kosa la hoja hii ni kwamba inahesabu yanayotokea uwanjani peke yake na kusahau saa nyingine zote za siku. Aliyechoma sukari nyingi asubuhi atatumia mafuta zaidi mchana na usiku, kwa kuwa sehemu ya chakula atakachokula itakwenda kujaza ile akiba ya sukari iliyopungua. Aliyechoma mafuta mengi asubuhi naye, akila kupita mahitaji yake, atayarudisha mafuta hayo kabla jua halijatua. Kinachoamua kama mafuta yatapungua ni hesabu ya siku nyingi: nishati iliyoingia kwa njia ya chakula dhidi ya nishati iliyotumika.

Watetezi wa mbio za kasi nao wana hoja yao, na aghalabu huisema kwa mbwembwe zaidi. Wanadai kwamba baada ya mikupuo mikali mwili huendelea kuchoma mafuta kwa saa nyingi, hata mtu akiwa ameketi akisahihisha madaftari. Hapa pia kuna ukweli. Baada ya mazoezi makali mtu huendelea kuvuta oksijeni zaidi ya kawaida, kwa sababu mwili unarekebisha joto, unajaza akiba na kukarabati misuli. Walakini, wataalamu waliopima nishati hiyo ya ziada wamekadiria kwamba ni kati ya asilimia 6 na 15 ya ile iliyotumika katika zoezi lenyewe. Tuseme mwalimu ametumia kalori 300 uwanjani, kwa maana ya kalori zile zinazoandikwa kwenye pakiti za vyakula. Faida ya ziada itakuwa kati ya kalori 18 na 45. Vijiko vitatu vidogo vya sukari katika kikombe cha chai vina kalori zinazokaribia 50. Kikombe kimoja cha chai ya mapumziko, basi, kinatosha kuimeza faida yote hiyo.

Je, majaribio ya kisayansi yanasemaje? Jaribio ambalo mashabiki wa mikupuo hulitaja sana ni lile la Angelo Tremblay na wenzake katika Chuo Kikuu cha Laval, Kanada, lililochapishwa mwaka wa 1994. Watu 17 walifanya mazoezi ya mwendo mmoja kwa wiki 20, na wengine 10 wakafanya mazoezi yaliyojaa mikupuo kwa wiki 15. Kundi la pili lilitumia nishati isiyofika nusu ya ile ya kundi la kwanza, na bado mafuta yake ya chini ya ngozi yalipungua zaidi. Matokeo haya yalisisimua ulimwengu. Lakini msomaji makini ataona kasoro mbili. Watu 27 ni wachache mno kujengea kanuni ya kuwaongoza mamilioni, na tena watu hao hawakuwa wakikimbia. Walikuwa wakipiga pedali za baiskeli za mazoezi.

Jaribio jingine ni la Izumi Tabata wa Japani, lililochapishwa mwaka wa 1996, ambalo jina lake limegeuka kuwa jina la zoezi: sekunde 20 za nguvu zote, sekunde 10 za kupumzika, kwa mizunguko saba au minane. Nimewasikia vijana wakiapa kwamba Tabata alithibitisha kuwa dakika nne kwa siku zinatosha kuyeyusha mafuta. Hilo halikuthibitishwa. Kilichopimwa katika jaribio lile la baiskeli kilikuwa uwezo wa mwili wa kutumia oksijeni na uwezo wake wa kufanya kazi kali bila oksijeni ya kutosha. Kwa vipimo hivyo mikupuo ilifanya vizuri sana. Mafuta ya mwili hayakuwa swali lake.

Kutoka hapo majaribio yameongezeka, na wataalamu wameyakusanya na kuyalinganisha. Mwaka wa 2017 watafiti wa Australia wakiongozwa na Michael Wewege walipitia majaribio 13 yaliyohusisha watu wazima 424 wenye uzito uliozidi. Waligundua kwamba mikupuo na mwendo mmoja vyote vilipunguza mafuta ya mwili na mzingo wa kiuno, wala hapakuwa na tofauti ya maana baina yake. Tofauti iliyoonekana ilikuwa ya muda: waliofanya mikupuo walitumia muda pungufu kwa takriban asilimia 40. Aidha, katika uchambuzi huo kukimbia kulipunguza mafuta kwa kiasi kikubwa katika makundi yote mawili, ilhali baiskeli haikuonyesha matokeo hayo. Mwaka wa 2019 watafiti wa Brazil wakiongozwa na Ricardo Viana walikusanya majaribio mengi zaidi. Walipopima mafuta kwa kilo, mikupuo ilitangulia kwa asilimia 28.5, walipopima sehemu ya mwili iliyo mafuta, njia zote mbili zilisaidia. Uchambuzi mwingine uliofuata ukaona tofauti ndogo mno au isiyokuwepo kabisa.

Nikiyaweka yote hayo kwenye mizani, naona kwamba hakuna mshindi wa kutangazwa. Mikupuo huokoa muda. Mwendo mmoja huokoa magoti, na pumzi ya anayeanza. Katika kupunguza mafuta, njia hizi mbili ni ndugu wa tumbo moja.

Hebu tufanye hesabu ambayo mwanafunzi yeyote anaweza kuifanya daftarini. Kwa makadirio yanayokubalika, mtu akikimbia hutumia karibu kalori moja kwa kila kilo ya uzito wake katika kila kilomita, na kasi yake haibadilishi kiasi hicho sana. Mwalimu mwenye kilo 70 akikimbia kilomita 5 kwa dakika 35 atatumia kalori zipatazo 350. Mwenzake mwenye uzito huo huo akikimbia mikupuo minane ya mita 200, na kutembea mita 200 baada ya kila mkupuo, atamaliza kwa muda wa dakika 20 na ushei. Atakuwa amekwenda kilomita 3.2, nusu yake kwa kutembea, na kalori alizotumia zitakaribia 200. Wa pili ameokoa dakika zaidi ya kumi. Wa kwanza ametumia nishati zaidi. Kila mmoja amepata kitu na kukosa kitu.

Tuendelee na hesabu. Kilo moja ya mafuta ya mwilini hubeba nishati ya kalori zinazokadiriwa kuwa 7,700. Mwalimu wetu wa kilomita 5, akikimbia mara tatu kwa wiki na asile hata tonge zaidi ya kawaida yake, atatumia kalori 1,050 kila wiki. Atahitaji wiki saba na zaidi kuondoa kilo moja. Wengi wakisikia hivyo hukata tamaa, na mimi nasema hapana sababu ya kukata tamaa. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hutoboka vivyo hivyo, haba kwa haba. Anayedumu mwaka mzima ataiona tofauti hata kwenye mshipi wa suruali yake. Wa kuogopwa ni yule anayeahidi kilo kumi kwa mwezi.

Hapa ndipo chakula kinapoingia, na hatuwezi kukikwepa. Chapati moja, kwa jinsi tunavyopenda kuipaka mafuta, huweza kubeba kalori 200 hadi 300. Soda moja ya chupa ya mililita 300 ina kalori zipatazo 125. Anayetoka uwanjani na kujipongeza kwa chapati mbili na soda amekwisha kuzirudisha kilomita zake tano, na pengine kaongeza za mkopo. Wanaosema kwamba wanakimbia kila siku na hawapungui, aghalabu hawasemi uwongo. Wanakimbia kweli, na wanakula kweli.

Fauka ya hayo, mwili wenyewe una ujanja wake. Mwaka wa 2012 watafiti wakiongozwa na Herman Pontzer walichapisha matokeo ya kupima nishati wanayotumia Wahadzabe, jamii ya wawindaji na wachimba mizizi waishio karibu na Ziwa Eyasi kaskazini mwa Tanzania. Watu hao hutembea masafa marefu kila siku, na wengi tungetarajia kwamba wanachoma nishati kupita kiasi. Matokeo yalikuwa kinyume. Ukubwa wa mwili ulipozingatiwa, nishati waliyotumia kwa siku haikutofautiana na ya watu wa nchi za Magharibi. Yaelekea mwili unaozoea kazi hupunguza matumizi mahali pengine ili hesabu isizidi sana. Funzo ninalolipata ni kwamba mbio peke yake haziwezi kuibeba kazi yote ya kupunguza unene, ziwe za kasi au za taratibu. Zinahitaji mkono wa pili, nao ni sahani.

Lipo pia suala la jasho. Msomaji bila shaka amewaona watu barabarani alfajiri wakikimbia wamevaa majaketi mazito, wengine wamejifunga nailoni tumboni, wakiamini kwamba kila tone la jasho ni tone la mafuta. Jasho ni maji na chumvi. Uzito unaopungua kwa jasho hurudi kwa bilauri mbili za maji, na anayekataa kuyanywa anajitafutia hatari ya joto kumzidi. Mafuta hutoka kwa mlango mwingine kabisa. Mwaka wa 2014 Ruben Meerman na Andrew Brown wa Australia walionyesha katika jarida la madaktari wa Uingereza kwamba kilo 10 za mafuta zikichomwa mwilini, kilo 8.4 hutoka kupitia mapafu zikiwa hewa ya kaboni dayoksaidi, na kilo 1.6 huwa maji. Mwalimu wa kemia anaweza kulifanya hili kuwa somo zuri: mafuta tunayapumua nje.

Wapo watakaoniuliza kuhusu wakimbiaji wetu mashuhuri. Mbona wao ni wembamba? Je, si kwa sababu ya kasi yao? Hakika ukifika Iten, mji ulio kwenye kimo cha mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari, utawaona Alhamisi asubuhi makundi makubwa ya wakimbiaji wakifanya fatileki katika barabara za udongo, na vumbi linatimka. Picha hizo ndizo zinazopigwa na kuonyeshwa duniani. Lakini kaa nao wiki nzima uone. Asubuhi nyingi huanza kwa mwendo wa pole kiasi cha kumshangaza mgeni, wakipiga gumzo. Stephen Seiler, mtaalamu wa mazoezi aliyefanya kazi Norway kwa miaka mingi, alichunguza wanamichezo wa kimataifa wa michezo ya ustahimilivu, na kuona kwamba takriban asilimia 80 ya mazoezi yao hufanywa kwa nguvu ndogo, na mazoezi makali huchukua sehemu iliyobaki. Wanaokimbia kasi kuliko watu wote duniani hutumia sehemu kubwa ya mazoezi yao kwa mwendo wa pole. Anayeamka kitandani baada ya miaka kumi ya kukaa kitini na kuanza na mikupuo kila siku anafanya jambo ambalo hata mabingwa hawalifanyi.

Nikiombwa ushauri, husema hivi. Anayeanza, hasa mwenye uzito mkubwa au umri uliopita miaka 40, aanze kwa kutembea haraka, kisha achanganye kutembea na kukimbia polepole. Mwenye maradhi ya moyo, kisukari, shinikizo la damu au maumivu ya magoti amwone daktari kwanza. Baada ya wiki sita au nane za mwendo mmoja, mishipa na viungo vikishazoea, aongeze siku moja ya mikupuo kwa wiki, na baadaye mbili akipenda. Siku za mikupuo zisifuatane. Asiye na nafasi, mathalani mwalimu mwenye vipindi vingi na watoto nyumbani, mikupuo ya dakika 20 itamfaa kuliko kilomita tano ambazo hatazipatia wakati. Asiyeipenda mikupuo asilazimishwe. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linapendekeza kwa watu wazima dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au dakika 75 hadi 150 za mazoezi makali, au mchanganyiko wa yote mawili. Shirika lenyewe limeacha mlango wazi kwa njia zote mbili.

Swali la kujiuliza, basi, ni hili: ni mbio zipi nitakazokuwa bado nikizikimbia mwaka ujao wakati kama huu? Zile zitakazokuwa zimenishinda baada ya wiki tatu hazina faida kwangu, hata zikisifiwa na watafiti wote wa dunia. Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Sasa niwageukie walimu wenzangu, kwa kuwa hili ndilo lililonisukuma kushika kalamu. Katika shule moja nilikowahi kufundisha, palikuwa na msichana wa kidato cha pili mwenye mwili mkubwa. Kila kipindi cha elimu ya viungo, darasa zima lilipangwa katika mstari mmoja na kuamriwa kukimbia mita 400 kwa kasi, na wa mwisho alitakiwa kurudia. Wa mwisho alikuwa yeye kila mara. Wenzake walikwisha kuvaa viatu vyao na kukaa kwenye nyasi wakimtazama akizunguka peke yake. Wengine walimhesabia hatua kwa sauti. Kufikia muhula wa pili alikuwa na barua ya kumwondolea mazoezi, na muhula wa tatu akapata nyingine. Aliyehitaji uwanja kuliko wenzake wote ndiye aliyefukuzwa uwanjani, na waliomfukuza walidhani wanamsaidia kupungua.

Msichana yule hakushindwa na mbio. Alishindwa na aibu. Lau angeachwa akimbie kwa mwendo wake, atembee anapochoka, na apimwe kwa alivyokuwa mwezi uliopita badala ya kupimwa kwa wenzake wenye miguu myepesi, yamkini angekuwa anakimbia hata leo. Vivyo hivyo kwa desturi yetu ya kuwazungusha wanafunzi uwanjani kwa sababu wamechelewa au wamepiga kelele. Tunawafunza kwamba kukimbia ni adhabu, kisha tunashangaa wanapotimiza miaka 30 na hawataki kuuona uwanja.

Kuna mfano wa kuigwa. Mwaka wa 2012, katika Shule ya Msingi ya St Ninian's mjini Stirling, Uskoti, mwalimu mkuu Elaine Wyllie aliona kwamba wanafunzi wake hawakuwa na nguvu za mwili za kutosha. Hakujenga ukumbi wala kununua vifaa. Aliwatoa nje kwa dakika 15 kila siku ya masomo, wakakimbia kila mmoja kwa mwendo wake, na wakavaa sare zao zile zile za darasani. Hapakuwa na mshindi wala wa mwisho. Mpango huo ulienea katika shule nyingi za nchi nyingine. Watafiti walipolinganisha shule iliyoufuata na nyingine isiyoufuata, waliona kwamba wanafunzi wa ile ya kwanza waliongeza uwezo wao wa kukimbia, na mafuta ya chini ya ngozi yao yalikuwa afadhali. Hakuna katika mpango huo jambo ambalo shule ya kwetu yenye kiwanja cha nyasi au cha mchanga haiwezi kulifanya.

Mwongozo ule ule wa 2020 unasema kwamba watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 wanahitaji wastani wa dakika 60 za mazoezi kila siku, na angalau siku tatu kwa wiki mazoezi hayo yawe na sehemu iliyo kali. Kwa maneno mengine, kijana anahitaji yote mawili: mwendo wa wastani wa kila siku na kasi ya mara kwa mara. Michezo ya watoto humpa hayo bila darasa. Anayecheza kandanda, kati, rede au kukimbizana hukimbia kwa kasi, husimama, hutembea, kisha hutimka tena. Hiyo ndiyo mikupuo, ila inachezwa kwa furaha. Tunapochukua kipindi cha elimu ya viungo na kukigeuza kuwa cha hesabu kwa sababu mtihani umekaribia, tunamnyang'anya mwanafunzi dawa ambayo hakuna duka linaloiuza.

Nanyi wanafunzi, msikubali kuuziwa ndoto. Atakayewaambia kwamba ana zoezi la dakika nne linaloyeyusha tumbo, mwulizeni lilipimwa kwa watu wangapi na kwa muda gani, na kama kilichopimwa kilikuwa mafuta au kitu kingine. Hayo ndiyo maswali mnayofundishwa katika maabara, na uwanjani pia yana kazi. Kisha vaeni viatu, au msivivae kama njia ni ya nyasi, mkimbie kwa mwendo utakaowafanya mtake kurudi kesho. Mkiwa na haraka, kimbieni mikupuo. Mkiwa na nafasi, kimbieni taratibu na rafiki wa kuzungumza naye. Na kama yuko mwenzenu anayebaki nyuma, mmoja wenu apunguze mwendo akimbie naye.